Mafuta yakimwagika, mheshimiwa afike na chupa za kioo

Mhariri,

Mafuta yakimwagika, mwakilishi wa wananchi huwa hachelewi sana. Siku ya tatu yupo, lori la chakula nyuma yake na kauli kali mdomoni. Hatuna ugomvi na chakula. Mvuvi aliyekatazwa kutega nyavu na mkulima ambaye kisima chake kinanuka mafuta ya taa wanahitaji kula leo. Ugomvi wetu ni kwamba lori lile huondoka tupu. Lingepaswa kuondoka na boksi la barafu lililojaa sampuli, maana ushahidi wa mafuta huharibika upesi kuliko samaki. Kemikali nyepesi, benzeni na jamaa zake, huanza kugeuka mvuke saa ile ile mafuta yanapotoka. Mafuta ghafi mepesi yanaweza kupoteza zaidi ya theluthi ya ujazo wake ndani ya siku chache. Kinachobaki huchanganyika na maji, mchanga na taka nyingine, na miezi sita baadaye kampuni husema kwa utulivu kwamba doa lile lilitoka kwenye injini za mashua. Aliyepoteza riziki hana cha kujibu.

Sisi ni wapima maji, wahandisi wa mabomba na mawakili wa madai ya uchafuzi, na tunawaandikia wabunge, maseneta na madiwani. Yote tunayoyaomba hapa yamo ndani ya mamlaka waliyo nayo na ambayo mwanakijiji hana: kuita watu mbele ya kamati, kuidai kampuni nyaraka, kupitisha bajeti ya dharura, kutunga sheria, na kuuliza swali ambalo serikali italazimika kulijibu kwa maandishi.

Tuanze na maji, maana huko ndiko watu hudhurika bila kujua. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzeni katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Pua ya binadamu hainusi benzeni iliyo peke yake ndani ya maji mpaka ifikie kama miligramu 10 kwa lita, yaani mara 1,000 ya kikomo hicho. Ofisa anayechota maji kwa kikombe, akanusa na kutangaza mbele ya kamera kwamba ni salama, hajapima chochote. Maji yanayonuka ni mabaya. Yasiyonuka bado hayajathibitishwa kuwa mazuri. Kuchemsha nako si dawa. Benzeni hutoka kwenye sufuria ikaingia katika hewa ya jikoni, anamovuta pumzi mpishi na mtoto aliye mgongoni, na kemikali nzito hubaki majini. Klorini huua vijidudu, haina kazi na mafuta. Kinachosaidia ni chujio la kaboni amilifu, nalo likishashiba huachia kila kitu kipite, kwa hiyo lazima libadilishwe kwa ratiba inayofuata vipimo.

Sampuli ya benzeni huchukuliwa kwenye vichupa vya kioo vya mililita 40 vyenye vifuniko vilivyowekwa utando wa tefloni ndani. Hujazwa mpaka mdomoni bila kuacha kiputo hata kimoja cha hewa, kwani benzeni hukimbilia kwenye kiputo hicho; ukishafunga, pindua kichupa na ukigonge kwa kidole uone. Maabara huvitoa vikiwa na matone ya tindikali ya haidrokloriki tayari, kwa hiyo havisuuzwi. Hukaa kwenye barafu, karibu nyuzi 4 za Selsiasi, na vipimwe ndani ya siku 14. Bila tindikali ni siku 7. Kwa kemikali nzito zaidi hutumika chupa ya lita 1 ya kioo cha kahawia, nayo pia haisuuzwi kwa maji yanayopimwa, kwa sababu mafuta hushika kwenye kuta za chupa na kipimo kitapanda kwa uongo, jambo ambalo wakili wa upande wa pili atalifurahia sana. Chupa tupu ya plastiki iliyookotwa njiani haifai: plastiki hunyonya sehemu ya mafuta na huachia kemikali zake yenyewe. Ukiwa kwenye mashua, zima injini na uchote upande wa omo, la sivyo utapima dizeli yako.

Makosa mawili hurudiwa karibu kila mahali. La kwanza ni kusahau kupima juu ya mto au upande wa pwani ambao mafuta hayakufika. Bila sampuli hiyo hakuna wa kusema hali ilikuwaje kabla. La pili ni mnyororo wa mikono kukatika. Kila chupa iwe na namba, saa, mahali kwa vipimo vya GPS, na fomu inayotiwa sahihi na kila aliyeishika, kuanzia aliyechota mpaka aliyeipokea maabara. Chupa iliyolala usiku mmoja kwenye buti la gari la mtu asiyejulikana, mahakamani ni sawa na maji ya mvua. Sampuli igawanywe mara tatu: moja ya serikali, moja ya kampuni, moja ya jamii, na hiyo ya tatu iende kwenye maabara isiyolipwa na kampuni. Kichupa kimoja cha maji safi kutoka maabara kisafiri na vingine bila kufunguliwa. Kikikutwa na benzeni, kosa liko kwenye boksi.

Sasa jambo ambalo ni mheshimiwa tu anaweza kulifanya. Mafuta ya kila kisima yana alama zake, mfano wa alama za vidole. Kemikali ziitwazo hopani na sterani hudumu hata mafuta yakipigwa jua na mawimbi kwa miezi, na uwiano wake hulinganishwa maabara na mafuta ya chanzo. Ila ili kulinganisha, lazima upate mafuta ya chanzo: lita 1 kutoka ndani ya bomba lenyewe, au tangi lenyewe la meli. Mwanakijiji akienda langoni kuomba lita hiyo atafukuzwa na walinzi. Mwenyekiti wa kamati ya bunge akiandika barua yenye tarehe ya mwisho, italetwa. Barua hiyo iandikwe ndani ya wiki ya kwanza, kabla mafuta yaliyokuwa ndani ya bomba hayajasukumwa na kubadilishwa na mengine.

Barua hiyo hiyo idai pia kumbukumbu za mgandamizo ndani ya bomba, vipimo vya mtiririko, na saa kamili valvu zilipofungwa. Kiasi kilichomwagika ndicho msingi wa faini na fidia, na anayekisema kwanza kwa kawaida ni yule atakayelipa. Mwaka 2008 bomba lilipasuka huko Bodo, katika Delta ya Niger. Fomu ya ukaguzi ilisema yalitoka mapipa 1,640 kwa jumla. Wataalamu huru walioangalia video ya mafuta yakichuruzika walikadiria pipa 1 hadi 3 kwa dakika. Hata ukishika kadirio la chini, hayo ni mapipa 1,440 kwa siku moja, na mafuta yalitoka kwa wiki nyingi. Baadaye kampuni ilikiri kwamba takwimu yake ilikuwa ndogo mno. Mmwagiko wa pili ulitokea bomba lile lile kabla mwaka haujaisha. Malipo, pauni milioni 55, yalikubaliwa Januari 2015, na fungu la mtu mmoja mmoja likawa kama pauni 2,200 kwa kila mmoja wa watu 15,600. Miaka sita na zaidi ilikuwa imepita.

Hesabu yenyewe si ngumu, na diwani anaweza kuifanya kwa simu yake. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 30 hubeba takriban lita 70 kwa kila mita. Valvu zikiachana kilomita 10, kati yake zimo lita 700,000, na kwenye mteremko mafuta hayo yataendelea kutoka hata baada ya pampu kuzimwa. Ukiambiwa "tulizima pampu mara moja", uliza valvu iliyo karibu iko wapi na ilifungwa saa ngapi. Na ukiambiwa mtambo wa kutambua uvujaji haukuonyesha kitu, hilo linaweza kuwa kweli na bado lisimwokoe mtu. Mitambo mingi inayolinganisha mafuta yanayoingia na yanayotoka hushindwa kuona uvujaji ulio chini ya takriban asilimia 1 ya mtiririko. Kwenye bomba la lita milioni 10 kwa siku, asilimia 1 ni lita 100,000 kila siku, kimya kimya. Ndiyo maana mtu wa kwanza kujua huwa mchungaji au mama anayechota maji, na ndiyo maana sheria iilazimishe kampuni kuwa na namba ya simu isiyolipiwa inayopokelewa usiku na mchana, na kuandika saa ya kila taarifa. Rekodi hiyo itahitajika baadaye.

Maji ya dharura yana hesabu yake pia. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Kijiji cha watu 3,000 kinahitaji lita 45,000, yaani safari tano za gari la lita 10,000, kila siku, si siku ya ziara tu. Ng'ombe anahitaji lita 20 hadi 30, mbuzi kama 5. Mifugo ikisahauliwa, watu watagawana nayo maji yao au wataipeleka kwenye mto uliochafuka. Na gari likaguliwe: tangi lililowahi kubeba dizeli halioshwi kwa sabuni likawa la maji ya kunywa.

Tukija kwenye fedha, hapo ndipo jamii hupoteza zaidi, mara nyingi kwa sahihi yao wenyewe.

Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, wafanyakazi 11 wakafa, na mafuta yakatoka kwa siku 87. Mfuko wa madai ulianzishwa haraka, jambo la kusifiwa. Lakini kufikia mwisho wa mwaka ule waathirika walipewa pia njia ya mkato: dola 5,000 kwa mtu binafsi au dola 25,000 kwa biashara, bila maswali mengi, mradi utie sahihi hati ya kuacha kudai tena. Mtu mwenye deni na watoto huichukua. Linganisha na Alaska: meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipasuka tarehe 24 Machi 1989 na kumwaga takriban tani 37,000, na idadi ya samaki aina ya heringi katika maji yale iliporomoka mwaka 1993. Wanasayansi bado wanabishana juu ya sababu, lakini aliyekwisha kutia sahihi miezi minane baada ya ajali hana hata nafasi ya kuingia kwenye ubishi huo.

Kwa hiyo sheria itenganishe malipo mawili. Malipo ya kujikimu, yanayotolewa kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza, yasiambatane na hati yoyote ya kuacha madai. Yatakatwa tu kwenye fidia ya mwisho. Fidia ya mwisho nayo isitiwe sahihi kabla mtu hajapata ushauri wa wakili anayelipwa na mfuko na asiyechaguliwa na kampuni. Marekani, baada ya Exxon Valdez, ilitunga Sheria ya Uchafuzi wa Mafuta ya mwaka 1990. Chini ya sheria hiyo mdaiwa asipolipa ndani ya siku 90, mdai anaweza kwenda kwenye mfuko wa taifa, na mfuko ndio utakaomfuata mdaiwa. Uzuri wake ni kwamba foleni ya mahakamani inasimamiwa na serikali yenye mawakili, si mvuvi. Wale walioshtaki juu ya Alaska walipewa na baraza la wazee wa mahakama dola bilioni 5 za adhabu mwaka 1994. Rufaa ziliendelea mpaka 2008, Mahakama ya Juu ilipozipunguza hadi dola milioni 507.5. Miaka 19 tangu meli ipasuke. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Mfano tunaoupenda zaidi unatoka Korea Kusini, kwa sababu ulikuwa kazi ya wabunge hasa. Desemba 2007 tishari lenye kreni liligonga meli ya Hebei Spirit karibu na pwani ya Taean, na zaidi ya tani 10,000 za mafuta ghafi zikaingia baharini. Madai yalipita 127,000. Ilikuwa wazi kwamba fedha za bima na za mfuko wa kimataifa wa fidia kwa mafuta ya meli hazingetosha kila mtu, na hali hiyo ikitokea, mfuko hulazimika kulipa sehemu tu ya kila dai mpaka jumla ijulikane. Kwa meli ya Prestige iliyozama nje ya Hispania mwaka 2002, ulianza na asilimia 15. Bunge la Korea lilipitisha sheria maalumu mwaka 2008. Serikali ikapewa uwezo wa kuwalipa waathirika kwanza, kisha yenyewe iende kudai, na madai ya serikali kwa gharama zake za usafishaji yakawekwa mwisho wa foleni ili wananchi watangulie. Hilo la mwisho halina gharama ya karatasi hata moja. Ni uamuzi.

Hata Korea, hata hivyo, madai mengi ya wadogo yalikataliwa kwa kukosa vithibitisho. Wanaoachwa nje ni wale wale kila mara: wanawake wanaookota kome na chaza kwa miguu maji yakitoka, mabaharia wanaolipwa kwa mgao, wachuuzi wanaonunua ndoo mbili asubuhi, mafundi wa nyavu. Hawana leseni, hawana risiti. Diwani aanzishe daftari la waathirika ndani ya siku 14, hadharani, kila jina likisomwa mbele ya wenzake ili majina hewa yaondolewe na walio kweli wathibitishwe. Liandikwe jina la mke na la mume kila mmoja kivyake. Pamoja na jina kiandikwe kilichokuwa kikipatikana kwa msimu, na kiambatanishwe chochote kilichopo: daftari la mnadani, ujumbe wa malipo ya simu, kadi ya chama cha akiba, picha ya mashua, ushuhuda wa mnunuzi. Mfuko wa kimataifa una miongozo kwa wavuvi wadogo na wale wanaovua kwa chakula cha nyumbani, na hupokea ushahidi wa namna hii. Haupokei orodha iliyochapwa miaka miwili baadaye katika ofisi ya mbunge, watu wote wakiwa wamepoteza kiasi kilekile.

Juu ya usafishaji tutasema machache, kwani hapo wataalamu wapo, ila mheshimiwa ajue ya kukataa. Akatae picha za vijana wakikanyaga tope la mikoko na sepetu. Nyayo husukuma mafuta chini ya tope lisilo na hewa, ambako hukaa miongo. Mara nyingi ni heri kusuuza kwa maji ya mgandamizo mdogo wakati wa kupwa na kuyakusanya mafuta yanapoelea. Akatae kemikali za kutawanya mafuta karibu na matumbawe, mikoko na maji mafupi: zinayaondoa mafuta machoni kwa kuyashusha chini kwenye mazalio ya samaki. Akatae shimo la kuchomea taka. Vizuizi vinavyoelea vikiwekwa kukingama na mkondo, mafuta hupita chini yake mara mwendo wa maji unapozidi takriban sentimita 35 kwa sekunde. Tupa kijiti, kikienda mita 10 chini ya sekunde 28, kizuizi kile ni pambo, kilazwe mshazari kuelekeza mafuta kwenye kingo yenye maji tulivu. Na tangu siku ya kwanza itafutwe sehemu ya kuhifadhi taka. Mafuta yakipigwa na mawimbi humeza maji yakawa ute mzito wenye ujazo mara tatu au nne. Ongeza mchanga, mwani na nguo za kazi. Erika ilimwaga takriban tani 20,000 nje ya Ufaransa mwaka 1999, taka zikazidi tani 200,000.

Nchi kavu tatizo huwa kina. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) juu ya Ogoniland, katika Delta ile ile ya Niger, iliyotoka 2011, ilikuta maeneo 49 ambako mafuta yalikuwa yameshuka mita 5 au zaidi ardhini, wakati mkandarasi alikuwa akigeuza udongo wa juu kwa jembe na kuandika kwamba kazi imekwisha. Mahali pamoja kulikuwa na tabaka la sentimita 8 za mafuta yakielea juu ya maji ya ardhini, na katika visima vya Nisisioken Ogale benzeni ilizidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani zaidi ya mara 900. Ripoti ilisema kurejesha eneo lile kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Cheti cha "pamesafishwa" kisikubaliwe bila visima vya uangalizi, visivyopungua vitatu na visiwe katika mstari mmoja, kwa sababu kwa viwili huwezi kujua maji yanaelekea wapi. Vipimwe kiangazi na masika. Maji ya ardhini yanapopanda huyabeba mafuta yaliyonata kwenye udongo, na kisima kilichotangazwa kuwa salama Agosti huweza kunuka tena Aprili.

Uvuvi ukifungwa, tangazo la kufunga liseme pia vipimo vitakavyoufungua: samaki gani, sampuli ngapi, kikomo kipi. Samaki wenye mapezi huondoa sumu nyingi za mafuta mwilini haraka. Kome na chaza hukawia, hivyo tarehe zao zisiwe moja. Ukifunguliwa kwa shinikizo bila vipimo, mnunuzi atakimbia bandari nzima.

Mwisho, sheria zenye matundu. Mikataba ya mwaka 1992 ya dhima na ya mfuko wa kimataifa hulipa mpaka SDR milioni 203, kipimo cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na nchi iliyojiunga na mfuko wa nyongeza hufikia milioni 750. Lakini mfuko huo ni wa mafuta yasiyogeuka mvuke upesi, kama mafuta ghafi, yanayotoka kwenye meli za mafuta tu. Meli ya Wakashio iliyokwama Mauritius Julai 2020 ilikuwa ya shehena kavu, na takriban tani 1,000 zilizovuja zilikuwa mafuta ya injini yake, kwa hiyo mfuko haukuhusika. Bomba la nchi kavu, kisima na ghala havimo kabisa. Nchi isipokuwa na sheria yake inayomtaka mwenye bomba kuweka dhamana ya fedha kabla hajapewa leseni, jamii itabaki kushtaki kampuni tanzu isiyo na kitu. Na mdai wa mfuko wa kimataifa ana miaka 3 tangu alipopata hasara, isizidi 6 tangu ajali. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi saa hiyo. Watu wengi hupoteza haki wakisubiri kikao kijacho.

Sheria ile ya Marekani ya 1990 ilileta pia mabaraza ya wananchi huko Alaska, yenye wavuvi, miji na jamii za wenyeji, yakilipiwa na kampuni za mafuta lakini yasiyoamriwa nazo, na yenye uwezo wa kuajiri wataalamu wao wa kukagua mipango ya dharura. Baraza la Prince William Sound bado linafanya kazi. Kifungu kama hicho hutoshea katika ukurasa mmoja.

Tunapendekeza mbunge yeyote mwenye bomba, ghala au bandari ya mafuta jimboni aulize maswali haya katika kikao kijacho, kabla ya ajali. Valvu ziko umbali gani, na kila moja hufungwa kwa mkono au kwa mtambo? Dhamana ya kampuni ni kiasi gani na inashikwa na nani? Visima vya maji vilivyo karibu vilipimwa lini mara ya mwisho, na matokeo yako wapi? Nani ana vichupa vya mililita 40, vingapi, katika stoo ipi? Majibu yakitolewa, Mhariri, tunaomba uyachapishe pamoja na tarakimu zake.

Wenu,
Wapima maji, wahandisi wa mabomba na mawakili wa madai ya uchafuzi